Kalamu ya Wasia: Nani Aandike, Nani Ashuhudie

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali lililonishughulisha kuliko alivyotazamia. "Mwalimu," alisema, "wasia na wosia ni neno moja au ni maneno mawili?" Nilimjibu kwamba ni neno moja lenye maumbo mawili, asili yake Kiarabu, na kwamba kitenzi chake ni kuusia. Nikaongeza nduguze: wasii, yaani yule aliyekabidhiwa kutekeleza wasia, urithi na mrithi, na mirathi, neno litumiwalo sana mahakamani. Darasa likaandika, kengele ikalia, nasi tukatoka. Lakini jibu langu lilikuwa nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka kuwaeleza walimu wenzangu katika kurasa hizi.

Neno wasia katika lugha yetu limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni maneno. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utendi wake mashuhuri karibu na mwaka 1858, alimwachia wasia, na wasia huo haukugawa shamba wala nyumba. Uligawa maonyo ya dini, ya adabu na ya ndoa. Mzigo wa pili ni mali. Mtu anayewaita wanawe na kusema nani atwae shamba la bondeni na nani atwae ng'ombe, naye anausia. Mzungumzaji wa Kiswahili haoni ajabu kwamba neno moja linafanya kazi zote mbili, kwa maana mtu anayeondoka duniani aghalabu hufanya yote mawili kwa pumzi moja. Hapa kwetu kusini mwa Uganda majirani zetu Waganda wanacho kitenzi kulaama na jina ekiraamo, na wazee wao hufanya vivyo hivyo.

Sheria, hata hivyo, haipendi mizigo miwili. Sheria hutaka kujua jambo moja tu: je, mtu huyu alisema hivi kweli, na nani alimsikia? Historia ya wasia katika nchi zetu, kwa maoni yangu, ni historia ya swali hilo. Wengi hudhani ni historia ya karatasi kushinda maneno ya mdomo. Sivyo. Karatasi imekuja, tena kwa njia zaidi ya moja, lakini kila ilipofika ilimkuta shahidi amekwisha kaa kitini, nayo haikuweza kumwondoa.

Kabla sijaingia katika historia yenyewe yanipasa nikiri kosa langu, maana bila hilo nisingeyajua haya.

Mwaka 2011 mzee mmoja jirani yangu, aliyestaafu kazi ya reli, alinituma mtoto aniite. Kiswahili alikuwa amekipata kazini, na alikipenda kuliko lugha yoyote nyingine aliyoijua. "Mwalimu," aliniambia, "wewe ndiwe mwenye kalamu. Nataka kuusia." Nikaketi, nikaandika. Nasema bila kujisifu kwamba Kiswahili kilikuwa kizuri. Nilipanga aya, nilichagua maneno, nikafungua kwa dua na kufunga kwa shukrani. Shamba la migomba lililo nyuma ya nyumba alimpa binti yake wa pili, ambaye ndiye aliyemuuguza kwa miaka yote. Tulipofika mwisho tulihitaji mashahidi wawili. Jirani mmoja alikuwapo. Wa pili hakuwapo, na mvua ilikuwa ikinyesha. Binti yule akaingia na chai. Nikampa kalamu, akatia sahihi yake kwa mwandiko mzuri, nami nikaona kazi imekamilika.

Mzee alipofariki, karatasi yangu ilipelekwa mbele ya wanaojua sheria. Wakaisoma, wakasema wasia ni halali. Lakini wakasema pia kwamba, kwa sheria ya mirathi ya Uganda, shahidi aliyetia sahihi katika wasia hawezi kupokea alichoachiwa humo, wala mume wake au mke wake hawezi. Wasia husimama, zawadi ya shahidi huanguka. Shamba la migomba likarudi katika mali isiyoagizwa, likagawanywa na ukoo kati ya watoto wote, na aliyemuuguza baba akapata kipande. Kama angaliacha chai jikoni, shamba lingalikuwa lake. Kwa hakika kosa halikuwa la chai. Lilikuwa langu, niliyejua upatanisho wa kisarufi na nisijue upatanisho wa mashahidi.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma, na hiki ndicho nilichokipata.

Katika jamii nyingi za bara, kabla ya karatasi, wasia ulikuwa baraza. Mzee aliita watu wa ukoo wake, na mara nyingi mtu au watu wasio wa ukoo, akasema mbele yao. Uzito wa maneno yake ulikaa katika masikio ya waliohudhuria, na baada ya matanga wao ndio walioulizwa. Hapakuwa na mwandishi; palikuwa na wasikilizaji.

Katika pwani na visiwa karatasi ilitangulia. Dini ya Kiislamu ilikuja na elimu kamili ya mirathi, ambayo mafungu yake yametajwa katika Kurani yenyewe, na mwenye kuusia akaachiwa uhuru wenye mpaka. Hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi, wala hawezi kumwongezea mrithi wake fungu kwa njia ya wasia ila warithi wengine waridhie. Kadhi, na wanazuoni waliomzunguka, ndio waliokuwa mawakili wa mambo hayo, kama tutalitumia neno wakili kwa maana yake ya asili, yaani mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Wasia uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini nguvu yake ilitoka kwa mashahidi waadilifu walioweza kusimama na kusema kwamba waliona na kusikia. Mwandishi hodari asiye na mashahidi alikuwa ameandika barua tu.

Karatasi ya aina nyingine ilikuja na Waingereza, tena kwa njia ndefu. Uingereza ilikuwa imetunga mwaka 1837 sheria ya wasia iliyoamuru kwamba mwenye wasia atie sahihi, au aikiri sahihi yake, mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja kwa wakati mmoja. Mwaka 1865 Wahindi wakatungiwa na watawala wao sheria ya urithi iliyojengwa juu ya misingi hiyo, ingawa haikuwahusu Wahindu wala Waislamu wa huko, ambao waliachiwa sheria zao. Kutoka India sheria ile ilivuka bahari. Uganda ilipata sheria yake ya mirathi mwaka 1906 kwa kuifuata ile ya India, na Tanganyika nayo, baada ya kuingia mikononi mwa Waingereza, ikaitumia ile ya 1865 yenyewe. Kanuni iliyolinyang'anya shamba la migomba kwa binti wa jirani yangu ilikuwa imesafiri kutoka London hadi Calcutta, na kutoka Calcutta hadi kijijini kwetu, bila mtu kutufasiria kwa lugha tuijuayo. Mara nyingi nimewaza kwamba kazi ya kufasiri ingelikuwa yetu sisi walimu wa lugha, kama tungelijua kuwa ipo.

Kwa Watanganyika wengi, lakini, sheria hiyo ya Kihindi ilikuwa mbali. Wao walifuata mila, na mila zilikuwa nyingi. Baada ya uhuru serikali yao ilitaka kuzikusanya na kuzipatanisha mila za makabila yenye kufuata ukoo wa baba. Kazi hiyo iliongozwa kwa sehemu kubwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya kikoloni, ambaye pamoja na Hartnoll alikuwa amechapa mwaka 1945 kitabu juu ya sheria za mila za Wahaya. Cory alifariki mwaka 1962, na mwaka uliofuata matunda ya kazi hiyo yakatangazwa. Sheria za urithi na sheria za wasia zilitoka katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963.

Ninawasihi walimu walitafute tangazo hilo. Ndani yake mtaona baraza la wazee likigeuzwa kuwa vifungu. Wasia wa mdomo unakubaliwa, ila washuhudie watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wasia wa maandishi hutaka mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, ikiwa mwenye wasia anajua kusoma na kuandika. Asipojua, hutaka wanne. Mashahidi wa maandishi sharti wawe wenye kujua kusoma na kuandika. Mke au wake wa mwenye wasia walioko nyumbani wakati huo nao hushuhudia. Wasia uandikwe kwa wino usiofutika, wala si kwa penseli, na uwe na tarehe. Wasia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya mdomo. Hufutwa kwa maandishi mengine.

Angalia ufundi uliomo humo. Shahidi wa ukoo yupo ili ukoo usije kusema haukuambiwa. Shahidi wa nje yupo ili ukoo usije kula njama. Anayetazama upesi atadhani kwamba haya ni masharti ya urasimu, lakini mimi naona ni hekima ya watu waliozifahamu familia. Na penseli! Nani aliyewahi kukaa ofisini asijue karatasi ya penseli inavyoweza kubadilika usiku?

Tangazo hilohilo lilimruhusu mtu kumnyima mrithi wake urithi, lakini kwa sababu zilizotajwa: kama amezini na mke wa mwenye wasia, kama amejaribu kumwua, kama amempiga au kumjeruhi vibaya yeye au mama yake, au kama alimtupa bila sababu wakati wa dhiki au ugonjwa. Mwenye kumnyima sharti aseme wazi na ataje sababu, na mwenye kunyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Baba hakuweza kumkatia mwanawe kwa hasira ya siku moja.

Haki hiyo ilikuwa na upofu wake, na sistahili kuuficha. Katika sheria hizo za 1963 mtoto wa kike aliwekwa daraja ya tatu ya urithi, nyuma ya mwana wa kwanza na nyuma ya ndugu zake wengine wa kiume, na ardhi ya ukoo aliweza kuitumia tu, si kuiuza. Mjane hakuwa na fungu lake mwenyewe ikiwa marehemu aliacha watu wa ukoo wake. Hapo ndipo ulipotokea mkasa wa Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya wa upande wa pili wa mpaka wetu. Alikuwa ameachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wasia halali. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akamshitaki. Mahakama ya mwanzo ikasema mauzo ni batili, kwa kuwa mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Ya wilaya ikakataa. Na Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza akaamua kwamba mila ile inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume anavyoweza.

Mawakili hunukuu hukumu hiyo kwa ajili ya haki za wanawake, nao wana haki. Mimi huiangalia pia kutoka upande wa baba. Yuko mzee mmoja wa Kihaya ambaye, katika mila iliyomweka binti daraja ya tatu, alitumia wasia kumpa shamba. Na wasia wake ulikuwa umefanywa sawasawa, mashahidi wamekaa mahali pao, kwa sababu katika kesi iliyopita mahakama tatu haukuvunjwa. Sifahamu nani alikuwa mwandishi wake, lakini namwonea kijicho.

Rwanda iliamua kuyakata mambo hayo kwa sheria moja: mwaka 1999 watoto wa kike wakapewa haki sawa na ndugu zao wa kiume katika urithi. Uganda ilipita njia ndefu zaidi. Mwaka 1972, chini ya utawala wa Idi Amin, ulitoka mgawanyo wa mali ya mwanamume asiyeacha wasia: asilimia 75 kwa watoto, 15 kwa mjane au wajane, 9 kwa ndugu waliomtegemea, na 1 kwa mrithi wa mila. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikaitangua sehemu hiyo kwa sababu iliwabagua wanawake, na hapakuwa na mgawanyo mpya hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 na fungu la mwenzi aliyebaki likapandishwa kuwa asilimia 20. Kwa miaka kumi na mitano familia nyingi ziligawana kwa makelele ya ukoo. Jirani yangu alifariki katika kipindi hicho.

Kenya nayo ilitunga sheria yake ya urithi mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Humo wasia wa mdomo unakubaliwa mbele ya mashahidi wawili, lakini huwa batili ikiwa aliyeutoa hakufa katika muda wa miezi mitatu, isipokuwa askari aliye vitani. Sheria hiyo, kama ile ya Tanganyika, ilijua kwamba maneno ya mdomo huchakaa. Moja iliyatibu kwa wingi wa masikio, nyingine kwa ufupi wa muda. Wanafunzi wangu hupenda kulijadili hili, na bado hawajakubaliana ni lipi bora.

Nchini humohumo ndiko ilikosikika kesi iliyofuatwa na watu hata huku kwetu. S. M. Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986 bila kuacha wasia wa maandishi. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi, na wako waliotoa ushahidi kwamba walimsikia akisema. Ukoo wake wa Kijaluo ukataka azikwe kwao. Kesi ikaenda hadi Mahakama ya Rufani, na marehemu akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Wanasheria watatukumbusha kwamba mahali pa kuzikwa si mali, na kwamba hata karatasi huenda isingalimwokoa. Ni kweli. Lakini haikosi kumstaajabisha mtu kwamba mwenye taaluma aliondoka bila hata mstari mmoja.

Na sasa tumfikie mtu ambaye kwa ajili yake hasa nimeandika makala haya. Mawakili wako mijini, na ada zao zinajulikana. Vijijini, kwa miaka mingi, kazi ya kuandika wasia ilifanywa na mwalimu, katekista, karani wa ushirika, au yeyote mwenye mwandiko. Chama cha wanawake wanasheria wa Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1974, kilifungua ofisi ya msaada wa sheria mwaka 1988, na mashirika mengine yakafuata katika nchi jirani. Yalifundisha watu wa kawaida, wengine wakulima na wengine walimu, wakawa wasaidizi wa kisheria. Tanzania iliwatambua rasmi katika sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017. Msaidizi hasimami mahakamani badala ya mtu, wala hatozi ada. Anasikiliza, anaeleza, na anajua mahali anapopaswa kunyamaza na kumpeleka mtu kwa wakili.

Nimekaa na mmoja wao akifanya kazi, mama wa makamo, na nilijifunza mengi. Hakuanza na kalamu. Alianza na maswali. Una watoto wangapi, pamoja na wa nje? Nani anakudai, na unamdai nani? Shamba hili lina hati, au lina mashahidi wa mpaka? Uliwahi kuandika wasia mwingine, na uko wapi? Nani atakuwa msimamizi, na je, amekubali? Yapata saa nzima ilipita kabla hajafungua daftari. Alipoandika, Kiswahili chake kilikuwa kikavu, bila dua, bila mapambo, sentensi fupi kama misumari. Moyoni nilianza kumsahihisha, kisha nikaacha. Shamba alilitaja kwa mipaka yake minne. Watu aliwataja kwa majina yao yote, kwa kuwa katika ukoo huo walikuwamo kina Musa watatu.

Binti wa jirani yangu bado anakaa kwenye kipande chake cha migomba. Tunasalimiana. Hajanilaumu hata siku moja, jambo ambalo ni zito kuliko lawama. Mwaka jana alikuja kwangu jioni, akaketi, akasema, "Mwalimu, na mimi nataka kuusia. Nina watoto wawili, na nina kile kipande." Nikamwambia sitaandika, lakini nitampeleka kwa anayejua. Kesho yake tulikwenda wote kwa yule mama. Alitukaribisha, akatazama huku na huku, kisha akauliza swali lake la kwanza: "Kati ya mliomo humu, nani anatajwa katika wasia?" Mwana mkubwa wa yule binti akainua mkono. Akaombwa, kwa upole, akangoje nje chini ya mwembe.